Amina Niliyoirudisha

Mafinga, Jumamosi, saa nane mchana

Lusajo mwanangu,

Umeniambia unakwenda kinyozi, na nywele ulinyoa juzi. Najua umetoka kwa sababu hutaki kukaa nyumba moja na mimi leo, na una haki. Basi nimekaa hapa mezani, sahani za wageni hazijaoshwa, naandika. Mambo ya godoro, ya sweta, ya fomu za chuo sitayagusa. Hayo umeshaambiwa leo na watu zaidi ya kumi, kila mmoja kama vile ndiye aliyevumbua baridi. Naandika nikiwa na hasira. Nakuambia mapema ili usije ukatafuta sauti ya upole humu ndani ukaikosa.

Nianze na lile neno ulilonitupia jikoni, maana ndilo limenikalisha hapa.

Watu wa jumuiya ya kanisa walikuja saa sita kukuaga. Wakaimba, wakala, wakalalamika kidogo kwamba unasafiri Jumapili badala ya kwenda ibadani, wakala tena. Halafu Mama Upendo, mwenyekiti wetu, akasimama kuomba. Akaombea safari, akaombea masomo, akaombea Mbeya yote na vijana wake. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni yako, mkono wangu begani kwako. Ndipo akasema, kwa sauti ile yake ya kupanda, "Na tunakusihi, Bwana, huyu asije akaangukia kule alikoangukia dada yake. Ile roho iliyomchukua Faraja usiiache imfuate." Watu wote wakaitikia amina. Na mimi nikaitikia. Nilisikia bega lako likikakamaa chini ya kiganja changu kama ubao.

Walipoondoka ukanifuata jikoni.

"Mama, umesema amina."

"Nimesema kwa mazoea tu, Lusajo."

"Mazoea gani hayo? Dada hajaanguka popote. Dada yuko Chimala anauza mchele." Halafu ukasema, taratibu, na hicho ndicho kilichoniuma zaidi kuliko kama ungepiga kelele, "Nikifika Mbeya sitatafuta kanisa. Na usinitumie mtu wa kunitafuta."

Nikajifanya chungu kinafurika. Hakikuwa kinafurika. Jibu ninalo sasa, ila ni refu na si zuri, na linaanzia nyuma.

Ulikuwa na miaka kumi na moja dada yako alipoondoka. Wewe nilikuambia amepata kazi kwa shangazi yako. Kanisani nilisimama nikasema shetani amemvuta. Mwaka uliofuata, ulipouliza tena, nikakuambia tuligombana kwa sababu ya msiba wa baba yenu, na kwamba alikuwa na kiburi. Hizo ni hadithi tatu juu ya mtoto mmoja, na zote tatu ni za uongo. Nakuandikia ile ya kweli. Isome yote, hata ukiwa umekasirika. Mimi nimekasirika pia na naiandika yote.

Unajua baba yako alikuwa dereva wa lori la nguzo. Unajua figo zilimwua. Usichojua ni nilikuwa wapi wakati anakufa.

Siku zile nilikuwa kiongozi wa maombi wa usharika. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa kanisani, na watu walikuja kwa sababu waliniogopa kidogo. Baba yako alipolazwa Mbeya, nikapanga maombi ya siku arobaini, usiku na mchana, kila saa na mtu wake. Nilichora ratiba kwenye karatasi ya manila, nikaibandika mlangoni pa kanisa, majina kwa kalamu nyekundu na saa kwa kalamu ya bluu. Niliipenda ile karatasi, Lusajo. Nilikuwa napita kuikagua kama mkaguzi wa shule. Mtu akikosa zamu yake nilimfuata mpaka kwake, nikamwuliza kama anataka mume wangu afe.

Baba yako alinipigia simu kutoka wodini. Sauti ilikuwa imeshapungua.

"Mama Faraja, njoo ukae na mimi kidogo."

"Siwezi kuacha zamu, Baba Faraja. Tuko siku ya thelathini na moja. Tukikatiza sasa tumepoteza yote."

Halafu akasema, "Haya. Basi Faraja yupo."

Faraja alikuwepo kweli. Alikuwa na miaka kumi na minane, amemaliza kidato cha nne, na ndiye aliyelala chini ya kile kitanda wiki sita, akimwosha baba yake na kumgeuza. Baba yenu alikufa siku ya thelathini na nane. Faraja ndiye aliyemfumba macho. Mimi nilifika kesho yake mchana, na karatasi ya manila nimeikunja kwenye mkoba. Sijui nilitaka kumwonyesha nani.

Kwenye mazishi nilisimama nikatoa ushuhuda. Nikasema Mungu amejibu kwa namna yake. Watu wakalia, wakanipa mikono, wakasema huyu ndiye mwanamke wa imani. Nilimwona Faraja ameketi kwenye mkeka na wanakwaya wenzake. Halii. Ananitazama tu, jinsi unavyomtazama mtu unayedhani unamfahamu.

Miezi mitatu ikapita. Siku moja tulikuwa tunachambua maharage ya mgahawa wangu, mimi na yeye, hapa hapa kwenye hii meza. Akasema bila kuinua kichwa, "Mama, mimi siwezi kuomba."

"Umechoka?"

"Sijachoka. Nikifumba macho hakuna kitu. Namwona baba anahema, basi. Kwaya naimba, mdomo unaimba, lakini ndani hakuna mtu." Akatoa jiwe kwenye maharage, akaliweka pembeni. "Nakuambia wewe tu."

Nikamwambia sawa. Nakumbuka nilisema sawa, na tukamaliza maharage.

Asubuhi iliyofuata nikaenda kanisani, na ulipofika wakati wa maombi nikasimama nikasema, "Wapendwa, nina ombi zito." Nataka ulijue hili kwa sababu hakuna mtu atakayekuambia. Nilisikia raha. Watu walinigeukia wote, mwanamke mjane mwenye mzigo, na mwili ukanisisimka. Nikasema yote. Nikasema binti yangu ameacha kuomba, ndani yake hakuna kitu, amekuwa mtupu. Nikachukua neno aliloniambia mimi peke yangu, nikalipeleka mbele ya watu ishirini, nikaliita ombi. Hadi saa nne, fundi mmoja wa mashine ya mbao aliyekuja mgahawani kunywa chai aliniuliza, "Mama, binti anaendeleaje na ile hali?"

Siku ya tatu wakaja nyumbani, wanawake saba. Nilikuwa nimewaita. Wewe ulikuwa shuleni. Wakamketisha Faraja kwenye kigoda pale sebuleni, wakamzunguka, wakamwekea mikono kichwani, wakaanza kukemea. Mama Upendo ndiye aliyeongoza. Mimi nilishika bega la kushoto.

"Sema jina lako!" Mama Upendo akafoka. Alikuwa anasema na pepo.

Dada yako akajibu, kwa adabu kabisa, "Naitwa Faraja."

"Sema jina lako!"

"Naitwa Faraja."

Lusajo, ilikuwa hivyo kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa saba mchana. Alijibu mara ngapi sijui. Kila mara jina lile lile alilopewa na baba yake. Alilegea, akanywea, lakini hakupiga kelele hata mara moja. Mwishoni akaacha kujibu. Wakasema amefunguliwa. Tukaimba. Nikawaandalia chai.

Walipoondoka Faraja akaosha vikombe vyote. Akakamua kitambaa, akakianika. Akanigeukia akasema, "Nilikuambia wewe tu." Hakusema lingine. Asubuhi akapanda basi la kwenda Chimala kwa shangazi yako, na mimi sikumsindikiza, kwa sababu nilikuwa kanisani naongoza sala.

Sasa wewe una hasira na Mama Upendo. Mimi pia, na leo nimeongeza nyingine. Lakini huwezi kujua kilichonifanya nimpeleke mtoto wangu pale nisipokuambia hiki cha mwisho, ambacho ni kibaya kuliko vyote. Faraja hakuniambia jambo geni. Alikuwa amesema la kwangu. Mimi mwenyewe sikuwa nimeomba tangu baba yako afe. Nilisimama kila asubuhi, maneno yakatoka mazuri tu, lakini nilikuwa nimemkasirikia Mungu. Siku thelathini na nane! Kila saa na mtu wake! Na kwenye ile simu nilimnyima mume wangu kiti kimoja tu pembeni ya kitanda chake, na nilimnyima kwa ajili ya Mungu, na Mungu akamchukua vilevile. Ile hasira sikuwa na pa kuiweka. Kiongozi wa maombi hawezi kusimama akasema sina kitu ndani. Halafu mtoto wa miaka kumi na minane, mikono ina vumbi la maharage, akalisema wazi, hata sauti haikumtetemeka. Nilimchukia kwa dakika moja, Lusajo. Nikamfanyia yeye nilichoogopa kufanyiwa.

Baada ya hapo niliendelea kuongoza mwaka mzima, kwa kiburi. Halafu siku moja kwenye kikao nikalipuka, nikawaambia mmeniondolea mtoto. Mama Upendo akanijibu, "Wewe ndiye ulituita." Ilikuwa kweli, ndiyo maana sikumsamehe. Nikaacha kwenda. Miaka mitatu iliyofuata unaikumbuka, nilikuwa nakutuma Jumapili wewe peke yako, nami nabaki, nasema naomba nyumbani.

Nikuambie nilivyoomba nyumbani, maana umesema Mbeya hutatafuta kanisa na najua unadhani utaomba chumbani kwako ukitaka. Nilikaa kwenye kitanda changu kila asubuhi nikamshitakia Mungu watu. Niliomba Mama Upendo avunjike mguu. Nikachagua na mguu wenyewe, wa kulia, kwa sababu ndio alioutanguliza akiingia kwetu siku ile. Niliomba mambo ambayo siwezi kuyaandika kwenye barua. Na hakukuwa na mtu wa kukohoa. Hakukuwa na mtoto wa kulia mgongoni kwa mama yake nikapoteza neno. Hakukuwa na mtu ninayemchukia wa kukaa karibu nami nikanusa mafuta yake ya nywele nikakumbuka kwamba naye ni mtu. Nilikuwa peke yangu na nilikubaliana na mimi mwenyewe kila siku. Watu wananiambia nilikuwa nimekonda wakati ule. Nilikuwa nimekuwa mkali kama kisu, mpaka wateja wakaanza kula kwa jirani.

Aliyenitoa pale ni Bibi Sekela. Unamjua, yule aliyekuwa anafagia kanisa na ambaye miguu sasa imemkataa, ndiyo maana leo hakuja. Alikuwa anapita kila asubuhi kunywa uji. Siku moja ya ukungu, kabla sijamwekea hata sukari, akasema, "Mama Faraja, unaomba?"

"Naomba nyumbani."

"Na nani?"

"Na Mungu, Bibi. Na nani mwingine?"

"Ee. Na anakujibuje?"

Nikageukia jiko. Akanywa uji wake wote, akafuta mdomo, akasema, "Kesho nitakuja mapema, kabla ya hawa watu wa mashine."

Nilidhani anatania. Kesho yake saa kumi na mbili na nusu akawa mlangoni, khanga kichwani. Akasimama karibu na jiko, kwa sababu ya baridi nadhani, siyo kwa sababu ya heshima, akaanza Sala ya Bwana. Aliisema taratibu mno, nikadhani ameisahau. Halafu akasema, "Sasa majina."

Nikaanza kama nilivyozoea. "Bwana, namleta kwako binti yangu Faraja, ambaye tangu alipo..."

Akapiga meza. "Jina!"

"Si ndiyo nasema, Bibi?"

"Umeshalisema. Jina linatosha. Yeye si karani, hahitaji maelezo."

Nilikasirika, mwanangu! Nilitaka kumnyima uji. Mwanamke hajui hata kusoma, ananifundisha kuomba mimi niliyeongoza usharika. Nikakaa kimya kwa ubishi tu, nione atafanya nini. Hakufanya kitu. Alikuwa amefumba macho anasubiri. Basi nikasema, "Faraja." Nikafunga mdomo. Jina likabaki pale jikoni, halina ushuhuda, halina mzigo, halina mimi. Miaka minne nilikuwa nikilitaja lile jina na kila mara nilikuwa naliongezea habari zangu. Siku ile nilijikuta nakata vitunguu ambavyo hakuna mtu aliyevihitaji.

Akaja kesho yake, na kesho yake. Baadaye wakaongezeka mafundi wawili wa mashine na yule dada wa cherehani, na wewe ukawa unatupita katikati kuchukua chapati. Hayo unayajua. Usichojua ni kwamba siku nyingi hakuna kinachotokea. Nakuambia ukweli wangu wote leo, na huo pia ni ukweli. Siku nyingi nasema maneno, nasikia maji yanachemka, nataja majina, tunaachana. Siku ninazokuja na hasira nakuja nayo. Mmoja wa wale mafundi alikaa miezi minne hasemi neno hata moja, anasimama tu na vumbi lake la mbao nyweleni, na hakuna aliyemwuliza. Ningekuwa bado kiongozi ningemwekea mikono siku ya tatu.

Mwaka juzi Bibi Sekela akaniambia, "Hawa wa jikoni umewachagua mwenyewe. Rudi na kwa wale ambao hukuwachagua." Nikamjibu siwezi kukaa na Mama Upendo. Akasema, "Ndiyo maana." Nikarudi kanisani kwenye sala ya jioni ya saa kumi na moja. Mama Upendo akaniona mlangoni, akasogea kwenye benchi, nikakaa. Hakuniomba msamaha na mimi sikumwomba. Tumekaa hivyo mwaka na zaidi, mabega yanagusana kila jioni, na lile jambo liko katikati yetu. Nilidhani hiyo ndiyo amani.

Haikuwa amani. Leo umeisikia. Kusali kila siku kumenibeba miaka hii, kumenibeba asubuhi ambazo nisingeamka kwa kitu kingine chochote. Lakini leo mazoea yale yale yamenitoa amina mdomoni kabla sijasikia kilichoombwa. Sina namna ya kulipamba hilo. Mwanangu wa kiume ameona mama yake akimtupa binti yake mara ya pili, mbele ya sahani za wali.

Sasa hivi ni saa kumi na nusu. Wewe bado hujarudi. Nakwenda kanisani. Sijui nitasema nini, lakini sitarudi kuimalizia barua hii kabla sijasema kitu.


Saa moja jioni

Nimerudi. Nimekuta umerudi na umelala na viatu, au unajifanya umelala. Sikuamshi.

Tulikuwa tisa. Tukaimba wimbo mmoja. Mama Upendo akauliza kama kawaida, "Nani ana ombi?"

Nikasimama. "Mimi sina ombi. Nimekuja kurudisha amina."

Wakadhani ni namna mpya ya ushuhuda. Mmoja akaanza kutabasamu.

Nikasema, "Mchana mmeomba juu ya mwanangu Faraja, na mimi nikaitikia. Ile amina naiondoa. Faraja hakuangukia popote. Aliniambia siri yake, mimi nikaileta humu nikaiita ombi. Mkaja kwangu mkamwuliza jina lake, naye akawajibu vizuri, saa nne nzima, na hakuna hata mmoja aliyemsikia. Wa kwanza kutomsikia ni mimi, mama yake."

Halafu mama mmoja wa nyuma akasema, "Bwana asifiwe," kwa ile sauti ya kufunga mjadala.

"Bado," nikamwambia. "Asifiwe, lakini bado sijamaliza."

Mama Upendo alikuwa amekaa. Shingo imemsimama. "Mama Faraja, unanisema mbele za watu."

"Na wewe umenisema mbele ya mtoto wangu anayeondoka kesho."

"Sisi tulikuwa tunasaidia. Wewe ndiye ulituita, usisahau."

"Sijasahau. Niliwaita. Na mimi nilikuwa nasaidia. Ndiyo nawaambia, tulikuwa tunasaidia wote, na mtoto akapotea mikononi mwetu. Jina lake lisitajwe tena humu na maelezo. Anayetaka kumwombea aseme Faraja, anyamaze."

Nilitegemea angelia, au mimi ningelia, na tungekumbatiana, maana ndivyo inavyokuwa kwenye shuhuda. Haikuwa hivyo. Mama Upendo akaanza Sala ya Bwana, haraka kuliko siku zote, na wengine wakaifuata na wengine hawakuifuata. Nje akanipita bila kuaga. Wawili wakanishika mkono. Mmoja akaniuliza kama nimekula leo, nikamjibu vibaya.

Kesho nitarudi saa kumi na moja, nikae pale pale. Huenda benchi lote likawa langu. Sijamsamehe, Lusajo, na yeye hajanisamehe, na sitakuandikia kwamba moyo wangu umekuwa mwepesi. Nina hasira hata sasa, na nyingi ni ya kwangu mimi mwenyewe, na hiyo haina mtu wa kumpelekea. Nitakwenda nayo hivyo hivyo.

Kuhusu Mbeya. Usitafute kanisa kwa ajili yangu. Sitatuma mtu akufuate, hilo umelipata. Ila ukija kukuta watu wawili watatu, wawe wa chuo, wawe wa kanisa lolote lile, ambao unaweza kusimama nao kila siku na kuwaambia leo sina kitu, na wao wakakusogezea nafasi bila kukuuliza, basi wale usiwaache kwa sababu ya mama yako. Mimi nilikuwa na binti wa namna hiyo nyumbani kwangu sikumtambua.

Na jambo la mwisho, hili ni la safari. Tiketi yako ni ya Mbeya, lakini chuo kinafunguliwa Jumatano. Shuka Chimala. Nilipotoka kanisani nilimpigia shangazi yako, nikamwambia amwulize Faraja kama unaweza kulala kwake siku mbili. Nilisubiri kwenye simu. Nilimsikia akiongea na mtu, sauti iko mbali, kisha shangazi akarudi akasema, "Amesema aje. Yeye tu."

Basi uende wewe tu. Usimpelekee salamu zangu. Usimwambie mama amebadilika, usimwambie mama anasali kila siku, na nilichofanya leo jioni kanisani usimwambie kabisa, wala barua hii usimsomee. Nikikutuma ukamwambie, nitakuwa nimemchukua tena nikamfanya ushuhuda wangu. Ana haki ya kukaa na mdogo wake siku mbili bila mimi kuwa chumbani. Akitaka kusema na mimi, namba anayo, na mimi sitaizima simu. Asipotaka, ndiyo hivyo.

Shangazi yako amesema Faraja aliuliza kitu kimoja tu, kama bado hupendi ndizi za kupika. Nikamwambia siku hizi unazila. Sikujua kama hata hilo alikuwa halijui.

Mimi mama yako.